Kuandaa ushauri wa sera: mfano wa kupumzisha Ziwa Tanganyika

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kwa makubaliano ya nchi nne zinazopakana nalo. Tuseme wewe ni ofisa wa halmashauri mkoani Kigoma, na umeagizwa kuandaa dokezo la kushauri nini kifanyike iwapo ziwa litapumzishwa tena.

Kabla ya kuandika lolote, jua nani ana mamlaka juu ya jambo hilo. Halmashauri haifungi ziwa, kwa hiyo ukurasa wa kubishania kufungwa kwake ni wino uliopotea. Lililo mikononi mwa mkurugenzi na madiwani ni, kwa mfano, kama sehemu ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iwafikie waanika dagaa kabla ya miezi hiyo kuanza.

Kisha shuka Katonga au Kibirizi alfajiri, mitumbwi inaporudi. Muulize mama anayeanika dagaa hununua ndoo ngapi, anadaiwa na nani, na miezi ile mitatu aliishi kwa nini. Usichukue takwimu za wiki moja ukaziita hali halisi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na mbalamwezi ikipevuka kazi hupungua. Linganisha giza na giza.

Weka njia tatu hivi, mojawapo ikiwa kuacha mambo yalivyo, na kwa kila moja utaje nani atabeba gharama. Njia iliyowekwa ili ishindwe tu hutambulika upesi, nayo hukuvunjia heshima.

Pendekezo likae aya ya kwanza. Niliwahi kupeleka dokezo la kurasa tisa likarudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Unashauri nini?" Katika mkutano wa kijiji usilisome dokezo, anza na tarehe, kiasi cha mkopo na siku ya kurejesha, ndipo ueleze sababu.

Tathmini ndiyo hupuuzwa kuliko yote. Vipimo viandikwe kabla ya uamuzi, la sivyo kila mtu atachagua kinachompendeza. Samaki wakijaa mwezi Agosti, usikimbilie kusifu katazo: ziwa lililopumzika miezi mitatu hutoa kwa wingi siku za mwanzo, na majira hayo ni ya upepo wa kusi, ambao huinua maji ya chini yenye rutuba. Linganisha na miezi ileile ya miaka iliyotangulia. Vilevile tenga ubora wa ushauri na matokeo yake, kwani ushauri uliopimwa vyema unaweza kuharibikia katika utekelezaji, mkopo ukatoka Julai badala ya Aprili.

Mwisho wa dokezo andika tarehe ambayo jalada litafunguliwa upya, pamoja na cheo cha atakayelifungua, kwa maana huenda wakati huo wewe umekwisha hamishwa.