Jinsi ya kusimamia hatari na wadau kwenye mradi wa daraja kubwa, hatua kwa hatua

Naanza na paili moja, yaani nguzo ya zege inayozamishwa ardhini kubeba daraja, iliyonibadilisha namna ninavyoandika rejista ya hatari, ile orodha ya mambo yanayoweza kuharibu mradi, ili mjue hizi hatua zimetoka wapi.

Ilikuwa saa nne usiku, tunamwaga zege kwenye paili ya kipenyo cha mita 1.5, kina mita 38, yaani kama kyubiki (mita za ujazo) 67 hivi, na gari zetu zinabeba kyubiki 8 kwa hiyo piga hesabu ni gari tisa. Gari ya tano imemaliza, ya sita haionekani. Nampigia dereva ananiambia bosi huku vijana wameweka magogo barabarani na wameyakalia. Shida nini? Bomba. Bomba gani tena? Kumbe siku tatu nyuma gari yetu moja ilikanyaga bomba la maji la kijiji, bomba dogo tu la inchi mbili, likapasuka, dereva akapita zake na hakuna mtu wa saiti aliyekwenda hata kusema poleni, akina mama siku zote tatu wanachota mtoni. Mpaka mwenyekiti wa kijiji aamshwe, aje na bodaboda, tuahidi mbele ya watu kwamba kesho asubuhi bomba linawekwa, saa nane kasoro usiku. Zege la chini limeshaanza kukaza na bomba la kumwagia limenasa humohumo. Paili ikakataliwa, tukachimba mbili pembeni yake na kitako cha nguzo kikachorwa upya.

Sasa kinachouma ni hiki. Kwenye rejista yetu "zege kukatika katikati" ilikuwepo, tumeandika jenereta ya akiba, pampu ya akiba, kila kitu cha akiba. Na kwenye daftari la wadau kijiji kilikuwepo pia. Ila rejista anakaa nayo injinia, daftari anakaa nalo afisa jamii, na hayo makaratasi mawili hayajawahi kulala meza moja.

Hatua ya 1: Tembea na wenyeji kabla michoro haijakauka

Usiende na gari yenye namba za serikali na watu wanane wenye reflekta, utaambiwa "kila kitu kiko sawa mheshimiwa". Nenda wawili watatu, salimia vizuri, kaa. Uliza maswali matatu tu: maji yaliwahi kufika wapi, nani amezikwa wapi, na mitumbwi inapita wapi usiku.

Kwenye hori moja la Ziwa Victoria mzee mmoja mvuvi alinionyesha mwembe ulio juu kabisa ya alama zetu za maji, akasema mwanangu, mvua za uhuru zile, mpaka 64, mitumbwi tulikuwa tunaifunga kwenye huo. Vijana wangu wakacheka kidogo. Data tulizokuwa nazo zilikuwa za miaka michache ya karibuni, ziwa limetulia. Nilivyorudi nikatafuta rekodi ndefu nikakuta mzee yuko sahihi, ziwa lilipanda vibaya sana kuanzia 1961 na kilele kilikuwa 1964, na ilikuja kuonekana tena 2020 lilipovuka hata rekodi ile. Na 2020 ndo mwaka ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi pale Mwanza ulipoanza, kilomita 3 na ushee juu ya ziwa. Barabara za muda, matishari, magati ya kupakilia, vyote hivyo unavipanga kwa usawa wa maji, sasa usawa wenyewe ukipanda zaidi ya mita moja ratiba yako imekwisha habari yake.

Hatua ya 2: Panga wadau kwa swali moja, nani anaweza kunisimamisha kesho asubuhi

Wengi wanapanga kwa vyeo, waziri juu, mwanakijiji chini. Mi napanga kwa uwezo wa kusimamisha kazi. TANROADS (wakala wa barabara) kama mwajiri, mhandisi mshauri, NEMC wa mazingira, OSHA wa usalama kazini, bodi ya maji ya bonde, TANESCO kama kuna nguzo za kuhamisha, hao unawajua na wana barua. Ila kuna wengine hawana barua na wanasimamisha vilevile: mwenyekiti wa kijiji, BMU za wavuvi (vikundi vya kusimamia mialo), mwenye shamba ambako barabara ya kokoto inapita, na nahodha wa kivuko ambaye tishari lako likimzibia njia abiria wote watakutukana. Hao waandike kwa jina na namba ya simu. "Jamii" sio mdau, jamii haipokei simu.

Hatua ya 3: Rejista moja, safu saba

Fungua Excel, weka: hatari, dalili ya kwanza, nani ataiona kwanza, nani anaweza kutusimamisha, mmiliki, tutafanya nini, tarehe ya kuangalia tena. Zile namba za uwezekano mara athari, moja mpaka tano, weka kama mkopeshaji anazitaka, ila usizisujudie, nimeona watu wanabishana nusu saa kama ni 12 au 15 huku kreni haina cheti cha ukaguzi.

Safu ya "nani ataiona kwanza" ndo roho ya kitu chote. Ile paili yetu ingeandikwa hivi: hatari, zege kukatika, dalili ya kwanza, lalamiko lolote kwenye barabara ya magari ya zege, ataiona kwanza dereva, atasimamisha mwenyekiti na vijana wake, mmiliki ni fomeni wa zege, sio afisa jamii. Maana yake hakuna zege kubwa linaloanza kabla fomeni hajampigia mwenyekiti kuuliza kama kuna neno. Simu ya dakika mbili. Na mmiliki awe mtu mmoja mwenye jina, ukiandika "timu" umeandika hakuna mtu.

Hatua ya 4: Fidia, hapa usiwe na haraka

Kwa Tanzania watu wengi wanadhani fidia ni nyumba na ardhi basi. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinataja pia posho ya usumbufu, usafiri, makazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara, na malipo yakivuka miezi sita riba inaanza kuhesabiwa. Halafu kuna la hifadhi ya barabara, Sheria ya Barabara ya 2007 iliitanua kutoka mita 22.5 kila upande hadi 30, ndo maana unakuta nyumba mbili jirani moja ina X nyekundu na nyingine X ya kijani, mmoja anaambiwa ulivamia na mwingine anaambiwa subiri fidia. Kabla hujapeleka greda nenda kawaeleze hizo rangi uso kwa uso, wasisikie kwa fundi rangi.

Makaburi yana sheria yake kabisa, ya 1969, na yana taratibu za kifamilia ambazo hazimo kwenye sheria yoyote. Ratiba ikisema wiki mbili weka miezi miwili.

Hatua ya 5: Weka sehemu za kusimama, na mwenye kusema "simama" alindwe

Mwaka 2017 daraja la Sigiri kule Busia, Kenya, juu ya mto Nzoia, lilianguka likiwa bado linajengwa, kama wiki mbili tu baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulitembelea. Sijui nani alisema nini na nani siku zile kwa hiyo siongezi neno. Nachosema ni kwamba ziara ya mkubwa ni hatari na mimi naiandika kwenye rejista kama hatari nyingine. Ukishaambiwa mgeni rasmi anakuja tarehe fulani, kila mtu anataka sehemu ya juu ionekane imemwagwa, na hapo ndo mpangilio wa kumwaga zege, uimara wa jukwaa la muda la kubebea zege bichi, na siku za zege kukomaa vinaanza kujadiliwa kama bei ya nyanya.

Kwa hiyo chagua mapema kazi ambazo haziendi bila saini: kabla ya kumwaga paili, kabla ya kupakia uzito jukwaani, kabla ya kuvuta nyaya za chuma, kabla ya kuondoa fomu (zile mbao au vyuma vya kushikilia zege). Saini mbili, yako na ya mshauri. Na fundi mdogo akisema simama, simama kwanza, hata kama amekosea mpe soda mbele ya wenzake, kwa sababu ukimfokea leo, siku ya hatari kweli atanyamaza.

Hatua ya 6: Pesa na siku 28

Kama mkataba ni FIDIC ya 1999 (mkataba wa kimataifa wa ujenzi unaotumika sana), mkandarasi anatakiwa atoe notisi ya dai ndani ya siku 28 tangu ajue tukio, akichelewa amepoteza. Cheti cha malipo nacho mwajiri ana siku 56 tangu mshauri apokee maombi. Sasa cheti kikilala wizarani, aliye chini kabisa ndo anaumia kwanza, mama anayepikia vibarua hajalipwa, vibarua wanagoma, na wewe unaandika "mgomo" kama vile umetoka mawinguni. Dalili ya kwanza ya malipo kuchelewa iko kwa mama ntilie, sio kwa mhasibu. Kila ijumaa napita kula pale.

Piga picha kila siku, andika hali ya hewa na usawa wa maji kila siku, hata siku ambayo hamna kitu.

Hatua ya 7: Kikao kifupi, na ubao

Jumatatu, dakika 40, mnapitia hatari tano tu zilizosogea wiki hiyo. Mwenyekiti wa kijiji na mtu wa BMU wanakaa nusu ya kwanza, halafu mambo ya pesa mnabaki wenyewe. Malalamiko yanaingia kwenye daftari lenye namba, mlalamikaji anaondoka na kikaratasi chenye namba yake na tarehe ya kujibiwa. Ubao nje ya geti unaonyesha namba na jibu, bila majina.

Hatua ya 8: Watu wa kivuko

Hii wengi wanaisahau kabisa. Daraja likifunguka kivuko kinakosa kazi, na pale gatini kuna wauza samaki wa kukaanga, wabeba mizigo, vibanda vya soda, wote wanaishi kwa sababu magari yanasubiri. Kigongo–Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na foleni ya kivuko kwa mtu wa gari ilikuwa kero, kwa muuza samaki ilikuwa soko. Waandike kwenye rejista mwaka wa kwanza, hesabu vibanda, na uliza mapema kwenye michoro kama maegesho ya barabara unganishi yanaweza kuwa na nafasi ya soko, kwa sababu mwaka wa mwisho lami imeshapigwa na utakachoweza kuwapa ni barua.