Kutoka Moshi hadi Eastbourne, kusini mwa Uingereza

Viza iombe mapema. Kutoka KIA utabadilisha ndege njiani; ukifika London panda treni kituo cha Victoria, kama saa moja na nusu hivi.

Sahau mchanga wa Pangani. Ufukwe huu ni kokoto tupu, ndala zitakuangusha, vaa raba. Maji hata Agosti ni kama nyuzi 18. Si Chemka hiyo, chemchemi yetu ya maji ya vuguvugu.

Beachy Head, genge la pwani kando ya mji, ina mita 162 juu ya bahari. Usisogelee ukingo kupiga selfi: ni mwamba wa chokaa, mawimbi huula kwa chini, unameguka ghafla. Kutembea chini yake, angalia kwanza saa za maji kujaa na kupwa, maana yakijaa hupati pa kutokea. Koti la kupandia Mandara, kambi ya Mlima Kilimanjaro, litafaa.