Vile fundi wa jua kali anaweza kuunganisha ujuzi wa mkono na wa darasani

Kuna mafundi pale Kibuye Kisumu wanachomelea mageti safi kushinda mtu ametoka poly na diploma, na bado kontrakta akija kuandika watu anauliza tu karatasi iko wapi. Halafu kuna mwenye karatasi ambaye ukimpa mashine ya zamani rodi inamnasa kwa chuma kila saa. Sitaki kubishana nani ni bora, nataka kukuonyesha vile unaweza kupata zote mbili bila kuacha kazi inayokulisha, juu hiyo ndio inasumbua vijana wengi huku kwetu kutoka Nakuru mpaka Busia.

Anza na kile mikono yako inajua tayari. Fundi mzoefu hasomi amps, yaani kipimo cha nguvu ya umeme, anazungusha ile nobu mpaka asikie moto unalia vizuri kama mandazi kwa mafuta, na yuko sawa kabisa, hiyo ni elimu. Shida ni kwamba ukipewa mashine ingine kwa site ama ukiulizwa kwa mtihani huwezi kuandika sauti. Kwa hivyo nunua kijitabu, kila ukipata moto unaoupenda angalia nobu imesimama wapi, andika, weka na geji (unene) ya rodi na unene wa chuma. Rodi ya geji 12, ile nyembamba ya milimita 2.5, mara nyingi itacheza kati ya amps 60 na 90, geji 10 inataka kama 90 mpaka 130, na pakiti ya rodi yenyewe imeandikwa hizo namba na watu huitupa bila kusoma. Tafadhali usiitupe.

Ya pili, vunja kazi yako mwenyewe. Unaweza kuchomelea miaka na miaka na usijue kitu kama hujawahi kuona ndani. Chukua vipande viwili vya pleti, viunganishe kama T, chomelea upande mmoja tu, ikipoa piga na nyundo mpaka iachane. Ukiona vishimo vidogo vidogo, gesi ilinaswa, pengine rodi zilikuwa na unyevu (ukiziweka sakafuni wakati wa mvua hiyo ndio utapata) ama ulishika rodi mbali sana na chuma. Ukiona kitu cheusi kama kioo, hiyo ni slagi, uchafu wa rodi iliyoyeyuka, ilibaki ndani. Na kama ukingo wa pleti bado uko vile grainda iliukata, moto haukuingia, ulikuwa umepaka tu juu. Mwalimu akikuja kukufundisha haya yote na majina yake utamsikia haraka sana, juu ushaona na macho.

Sasa hesabu. Mzee wa karakana hupima geti kona kwa kona, vipimo vikitoshana anasema iko sawa. Muulize kwa heshima, na sio mbele ya mteja, ngoja mkinywa chai: mzee, na kama chuma cha juu ni kifupi kuliko cha chini? Kona kwa kona bado zinaweza kutoshana na geti isiwe sawa, kwa hivyo lazima upime pia juu na chini, kushoto na kulia. Yeye hufanya hivyo bila kusema, ndio maana geti zake hazina shida na ya kijana wake iko na shida. Hapa ndipo Pythagoras wa darasani, ile hesabu ya pembetatu, anakufaa: geti ya mita 3 kwa 2, kona kwa kona lazima iwe mita 3.61 hivi, unajua hata kabla hujakata chuma.

Kama pesa yako inatosha kozi moja tu, uliza kwa VTC, chuo cha ufundi cha kaunti, kama wanafundisha kusoma mchoro. Hii kwa maoni yangu ndio kitu jua kali haikupi kabisa, juu mteja wetu huja na picha kwa simu.

Halafu karatasi. Enda NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani (wazee bado wanaiita DIT, jina lake la zamani), ufanye gredi testi, ule mtihani wa ufundi, na Kisumu wako na kituo. Unaanza Gredi III, halafu II, halafu I, kuna ya kuandika na ya mkono, kwa hivyo kile kijitabu chako ndio utasoma. Uliza mapema usajili unafungwa lini. Kuna pia RPL, njia ya kupima ujuzi uliopata nje ya shule, KNQA, mamlaka ya serikali ya vyeti vya masomo, ndio inaisimamia, na huko utahitaji ushahidi: barua ya mtu uliyemfanyia kazi, na picha. Hizo picha piga kabla ya rangi, karibu na kiungo mpaka mistari ya moto ionekane, juu geti ikishapakwa rangi nyeusi hakuna mtu anaweza kujua ni nani alichomelea na alichomelea aje.