Namna ya kupima utendaji wa mfuko wa kimataifa wa hisa za gawio

Mfuko wa kimataifa wa hisa za gawio hukusanya fedha za wawekezaji na kununua hisa za kampuni za nchi mbalimbali zinazolipa gawio, yaani sehemu ya faida yao. Taarifa ya mwezi ya mfuko wa aina hii huanza, karibu kila mara, na asilimia ya mgao (malipo ya mfuko kwa wawekezaji wake) kwa tarakimu kubwa, na wawekezaji wengi ninaowashauri hapa Nairobi huilinganisha moja kwa moja na riba ya hatifungani za serikali. Ulinganisho huo unapotosha, kwa kuwa bei ya kipande, yaani sehemu ya mfuko unayoinunua, inaweza kushuka huku mgao ukiendelea kulipwa. Anza kwa kutafuta ripoti ya mwaka iliyokaguliwa, maana kijikaratasi cha mauzo hakitoshi.

Hatua ya 1: Faida ya jumla

Chukua bei ya kipande mwishoni mwa kipindi, ongeza migao yote, toa bei ya mwanzo, kisha ugawe kwa bei hiyo ya mwanzo. Tuseme kipande kilianza kwa dola 100, kikalipa dola 6, kikaishia dola 95: faida ni asilimia 1, wala si 6.

Hatua ya 2: Igeuze iwe shilingi

Ikiwa karo na kodi ya nyumba unalipa kwa shilingi, hatua hii hairukwi. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa takriban shilingi 160, na kufikia Desemba ilikuwa karibu 129. Aliyenunua kipande chetu kwa shilingi 16,000 na kumaliza na dola 101 angebaki na shilingi 13,029, yaani hasara ya karibu asilimia 19, ingawa ripoti ya dola ingeonyesha faida. Mwaka ambao shilingi inadhoofika, sarafu hiyo hiyo humpamba meneja kwa sifa asiyoistahili. Kwa hiyo andika hesabu zote mbili kando kwa kando.

Hatua ya 3: Mgao umetoka wapi?

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Fungua taarifa ya mapato ya mfuko, tazama magawio yaliyopokelewa kutoka kwa kampuni, toa gharama na kodi, kisha ulinganishe baki na kiasi kilichogawiwa wawekezaji. Kama kilichogawiwa kinazidi baki mwaka baada ya mwaka, ziada inatoka kwenye faida ya mauzo ya hisa au kwenye mtaji wako mwenyewe. Soma pia maelezo ya hesabu, kwa sababu baadhi ya mifuko hutoza ada ya usimamizi kwenye mtaji badala ya mapato, jambo linalokuza mgao na kupunguza polepole thamani ya kipande.

Usisahau kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla gawio halijamfikia mwekezaji: kwa kawaida Marekani hukata asilimia 30 ya gawio linalolipwa kwa mgeni asiyelindwa na mkataba wa kodi, ilhali mfuko uliosajiliwa Ireland kwa kawaida hukatwa asilimia 15.

Hatua ya 4: Kipimo cha kulinganisha

Tumia fahirisi (kipimo cha mwenendo wa kundi la hisa) yenye hisa za namna hiyo hiyo, kwa mfano MSCI World High Dividend Yield, katika toleo linalojumuisha magawio baada ya kodi, kwa sarafu ile ile na kipindi kile kile. Hakikisha kipindi hicho kinaugusa mwaka 2020, ambapo Shell ilipunguza gawio lake la robo mwaka kutoka senti 47 za dola hadi 16, kisha angalia mgao wa mfuko wako ulishuka kwa kiasi gani na ulichukua miaka mingapi kurejea pale ulipokuwa.