Masomo ya AP: msiwabebeshe watoto gunia zima
Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hili haliandikwi kwenye karatasi tunazoletewa nyumbani. Baadhi ya wanafunzi wanaosoma AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari) huanza na somo moja darasa la 10, kisha mawili au matatu la 11, na la 12 vivyo hivyo. Shule moja inaweza kuwa na ishirini, ya jirani mawili tu. Chuo hakimhukumu mtoto kwa somo ambalo shule yake haifundishi, maana shule hutuma maelezo ya masomo yake pamoja na matokeo ya mwanafunzi. Mwombeni mshauri wa shule nakala ya maelezo hayo kabla mtoto hajachagua.

Wangu alijitwisha matano. Kufikia Februari anasinzia juu ya daftari la kemia, chai imepoa pembeni. Mwaka uliofuata tukashuka hadi matatu, nyumba ikapumua.

Mtihani ni Mei, alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi hutambua kuanzia 3, vingine vinang'ang'ania 4 au 5. Kujiandikisha ni Novemba, siyo Aprili! Na kama kipato ni kidogo, ulizieni punguzo la ada, lipo.