Canterbury kwa miguu: anzia nje, malizia Kanisa Kuu

Ukifika Canterbury, Uingereza, usikimbilie Kanisa Kuu kama wanavyofanya wengi. Anzia kanisa dogo la St Martin, nje kidogo ya mji wa kale. Hapo ndipo Malkia Bertha, mke wa mfalme wa Kent, alipokuwa akisali kabla mmisionari Augustino hajafika kutoka Roma mwaka 597. Tazama ukuta kwa karibu, utaona matofali mekundu ya Kirumi yaliyochomekwa katikati ya mawe. Lakini ulizia kwanza siku za kufunguliwa, maana si kila siku.

Kutoka hapo teremka hadi abasia, yaani monasteri, ya Mtakatifu Augustino, mwendo wa dakika chache tu. Imebaki magofu. Mfalme Henry wa Nane aliifunga mwaka 1538, mawe yakabebwa kujengea kwingine. Vaa viatu vya kufunga, majani yake hulowa.

Kanisa Kuu liwe la mwisho. Kiingilio chake kinauma mfuko, ila anayekuja kusali halipi, basi lenga ibada ya jioni yenye kwaya. Kwa matembezi yenyewe utalipa, na binafsi naona inafaa: utaona pale Askofu Mkuu Thomas Becket alipouawa tarehe 29 Desemba 1170, kisha ngazi za mawe zilizobonyea kwa nyayo na magoti ya mahujaji. Juu ya ngazi hizo, kaburi la Becket lilipokuwa, sasa kuna mshumaa mmoja tu sakafuni.