Polishi, Nta au Silanti kwa Gari Jeupe

Kabla ya kununua chochote, osha gari, likaushe, kisha vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na upitishe vidole juu ya boneti: ukihisi chengachenga, hizo ni chembe za chuma na lami zilizoganda, ambazo kwenye rangi nyeupe huonekana kama vidoadoa vya kahawia, nazo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi.

Polishi hukwangua safu nyembamba ya rangi, kwa hiyo itumike tu pale gari lilipofifia. Ijaribu kwanza mahali pa kificho kwa kitambaa cheusi. Kitambaa hicho kikichafuka kwa weupe wa rangi yenyewe, gari halina klia (tabaka angavu la juu linalolinda rangi), nawe usugue kwa mkono mwepesi.

Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mitende, hupendeza zaidi kwenye magari meusi, na jua kali huimaliza baada ya wiki chache. Kwa gari jeupe linaloshinda juani Mombasa au Dar es Salaam, mimi ningechagua silanti, yaani kinga ya rangi ya kutengenezwa kwa kemikali inayopakwa badala ya nta, ambayo hudumu kwa miezi kadhaa. Ipakwe kivulini, bodi ikiwa imepoa, tena kwa tabaka jembamba.